Ngamia Aliyejua Njia

Mama mkwe wangu Oljei hakuwa mtu wa kuombaomba. Katika miaka yote niliyoishi naye hema moja sikumsikia akiomba nyama, wala nguo, wala dua. Alitaka jambo moja tu: afike pale alipolala mwanawe Jirgal, akae chini, hata kama ni kwa muda wa kumaliza bakuli moja la maziwa. Jirgal huyo alikuwa mume wangu, kwa hiyo msidhani nasimulia habari za jirani.

Na aliyepajua mahali hapo, kati ya viumbe tuliowahi kuwafunga kamba, alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ngamia.

Nianzie mbali kidogo. Oljei alizaliwa katika kambi iliyoshindwa. Wakati huo Khani Mkuu alikuwa hajawa mkuu bado. Alikuwa akipita kambi kwa kambi akituunganisha, ndivyo walivyosema watu wake, na kuunganisha kwenyewe kulikuwa hivi: wanaume wa kambi walisimamishwa kando ya gari la kukokotwa na ng'ombe, na kila aliyezidi urefu wa pini ya gurudumu aliuawa. Oljei alikuwa na mdogo wake wa kiume. Alizidi pini kwa vidole viwili.

"Nilimlisha mno mwaka ule," aliniambia siku moja tukikamua. "Nilikuwa namwibia malai nyuma ya mgongo wa mama. Laiti ningemnyima."

Hakulirudia tena neno hilo, nami sikumuuliza.

Baadaye akapewa askari wa jeshi lilelile awe mkewe. Akampenda. Watu wa leo wakisikia hivyo hukunja uso, lakini mtu hulala na kuamka na mwenzake, na yule bwana hakuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Akamzalia Jirgal. Halafu jeshi likaelekea magharibi, kwenye miji ya matofali, na yule bwana naye akaenda. Miaka mitatu baadaye lilirudi zulia badala yake. Lilikuwa zulia zuri, jekundu, limefumwa matunda ambayo hakuna mtu kwetu aliyewahi kuyaona. Oljei alilitandika zizini, chini ya ngamia wagonjwa.

"Angalau wao litawapa joto," alisema.

Mimi nilifika pale nikiwa na miaka kumi na sita, nimepanda farasi wa baba yangu, nimevimba macho kwa kulia. Jirgal alinipokea kwa kuniuliza kama nimekuja kuolewa au kuzikwa. Ndivyo alivyokuwa, mdomo haulali. Kazi yake ilikuwa kuchimba visima. Alilala kifudifudi, akabandika sikio ardhini, akasema "hapa", na kweli maji yalikuwa hapo. Nilikaa naye majira mawili ya baridi. Ukijumlisha yote niliyowahi kucheka maishani, sehemu kubwa nilichekea hapo.

Kisha Khani akafa vitani, huko kusini, na jeneza likaletwa nyumbani. Askari wakaja kambini kwetu asubuhi, wakati wa kula.

"Nani hapa anachimba visima?" akauliza mkubwa wao bila kushuka.

"Mimi," akasema Jirgal, mdomo umejaa jibini. "Nani ana kiu?"

Askari wawili wakacheka. Mkubwa wao hakucheka.

"Bwana mmoja. Ila yeye hanywi tena. Chukua sururu yako."

Walitaka na ngamia jike mwenye ndama mchanga. Walisema awe mama hasa, anayempenda mtoto wake kupita wote zizini. Oljei akafikiri, akawachagulia Pogo. Tulimwita hivyo kwa sababu nundu yake ya mbele ilikuwa imelalia upande wa kushoto. Oljei mwenyewe ndiye aliyemchagua. Mwanawe akashika kamba ya ngamia, ndama akafuata nyuma, na Jirgal akanigeukia akanikonyeza.

Siku ya kumi na mbili Pogo akarudi na askari. Ndama hayupo. Jirgal hayupo.

Walikuwa wamemchinja yule ndama juu ya kaburi, mama yake akitazama. Halafu wakapitisha farasi wengi sana juu ya udongo mpaka pasionekane kitu, na miti ikaachwa iote. Bwana yule hakutaka kaburi lake lijulikane na mtu. Sasa wenyewe watapajuaje mwaka ujao, siku ya kumchinjia sadaka? Ngamia aliyefiwa hasahau. Ukimfungulia karibu na pale, ataenda mwenyewe huku analia, atasimama palepale ilipomwagika damu ya mtoto wake. Kwa hiyo Pogo walimhitaji. Wachimbaji hawakuwahitaji, maana wachimbaji wana midomo.

"Mama, mwanao amepewa heshima kubwa," askari akamwambia Oljei. "Amebaki kumtumikia Bwana wetu."

"Kwani Bwana wenu ana kisima huko?" akauliza Oljei.

Askari akatazama chini. Wakamwachia kitambaa cha hariri, wakaondoka. Hariri ile tulifutia sufuria mpaka ikaisha.

Jina la marehemu tulikatazwa kulitaja. Chinggis. Haya, nimelitaja, nimezeeka, waje wanikamate. Aliteka dunia kuanzia jua linakochomoza hadi linakozama, halafu akaogopa kulala kaburini bila watu wa kumsindikiza. Mtu mzima! Na mmoja wa kumsindikiza awe Jirgal wangu, aliyekuwa hajui hata kushika upinde sawasawa.

Basi tangu mwaka ule, majani yakichipua, walinzi wa mlima walikuja kumchukua Pogo. Oljei alimwandaa mwenyewe: alimchana manyoya, alimtazama nyayo, alimfunga kamba mpya ya sufu. Kisha aliwafuata kwa miguu mpaka kwenye rundo la mawe ambalo mtu wa kawaida halipiti, na hapo walimgeuza. Alikaa kwenye mawe hayo siku mbili, tatu, akisubiri. Pogo aliporudi, Oljei alimlaza chini na kumchunguza magoti. Ngamia hupiga magoti anapolia kwa muda mrefu, na kwenye manyoya ya magoti ya Pogo palikuwa na udongo mwekundu na sindano za msonobari. Udongo wetu wa huku ni wa kijivu. Oljei alichambua punje moja moja, akatia kwenye kifuko cha ngozi alichokivaa shingoni. Hiyo ndiyo habari pekee aliyoipata kutoka kwa mwanawe, mwaka hadi mwaka.

"Nikifa," aliniambia, "nilazeni nimeelekea kwake. Pogo atawaonyesha ni upande gani."

Ikapita miaka tisa. Kulikuwa na amri kwamba Pogo asizae tena, ili moyo wake usipate pa kwenda. Tulimtenga na madume kila majira ya baridi.

Mwaka wa tisa mkubwa wa walinzi alikuwa Shirgei, kijana ambaye Oljei alimnywesha maziwa ya ngamia alipokuwa mtoto na mama yake anaumwa. Alikuja kwetu majani yakiwa yanaanza kukauka, akakaa, akala, akazungusha bakuli mkononi.

"Yule ngamia wako anatuchosha, mama," akasema. "Goti limeharibika. Safari hii alikaa chini mara nne, tukampiga, tukambembeleza, tukamtukana, wapi!"

"Akiniona mimi anasimama," akasema Oljei.

"Ndicho kilichonileta."

Oljei aliweka chini sufu aliyokuwa akisokota.

"Mwakani tunaweza kukuchukua kama mshika kamba," Shirgei akaendelea. "Nimeshasema na wakubwa, wamekubali. Lakini mama, unaijua sheria. Asiye mlinzi akipaona, harudi."

"Mtanizika palepale?"

"Palepale."

"Basi unaogopa nini kuniambia? Ongeza nyama, mwanangu, umekonda."

Alipoondoka niligombana na Oljei kama sijawahi kugombana na mtu. Nilimwambia ni mbinafsi. Nilimwambia nimebaki hapa badala ya kurudi kwetu, nimekataa kuolewa na wanaume wawili wazima kabisa, halafu yeye anaenda kuchinjwa kwa furaha kama anakwenda harusini.

"Mmoja wa hao wawili alikuwa na jicho moja," akasema.

"Mama, mimi sichezi!"

"Wala mimi. Chechek, sikiliza. Hapa nimekaa, nakula, nalala. Kule nitakuwa na mwanangu. Wewe bado una meno, utapata mtu."

Majira hayo ya baridi Oljei alikuwa mchangamfu kuliko nilivyowahi kumwona, na uchangamfu wake ulinichoma. Alikuwa na siri moja, akaniambia baridi ilipokuwa imekaza: Pogo ana mimba. Dume lilikata kamba baridi iliyopita, na Oljei akalinyamazia jambo hilo. Hakuona kuwa ni tatizo. Ndama akizaliwa atapewa jike mwingine amnyonyeshe, Pogo hatamtia hata machoni, na mambo yatakwenda vilevile.

Lakini mwaka ule theluji iliyeyuka kidogo kisha ikaganda juu ya majani, wanyama wakawa wanalamba barafu. Majike wawili waliokuwa na mimba waliiharibu. Ndama wa Pogo akazaliwa siku ishirini kabla ya walinzi kuja, mweupe mwili mzima, miguu imezidi urefu wa mwili. Hapakuwa na jike mwingine mwenye maziwa. Tulimpa ya mbuzi kwa pembe, akayatapika. Na Pogo hakumtaka. Alimgeuzia mgongo, akimkaribia anampiga teke, halafu anasimama akitazama mlimani. Ndama alilia siku nzima na siku ya pili. Siku ya tatu sauti yake ilikuwa imeanza kukatika.

Kwetu jike akimkataa mtoto wake, huimbiwa. Si wimbo wenye maneno. Ni neno moja, hoosi, hoosi, unalivuta, unalirudia huku unampapasa shingo, mpaka ngamia atoe machozi. Akishalia, anamkubali mtoto. Katika bonde lote hakukuwa na mwanamke aliyeujua wimbo ule kumshinda Oljei. Walimwita kutoka mwendo wa siku tatu. Hakuna ndama aliyewahi kufa kwa kukataliwa mahali alipofika yeye.

Mchana wa siku ya tatu nikamwona anavua glavu zake za manyoya, anaelekea kwa Pogo.

"Mama, mwache," nikasema.

"Nimwache afe?"

"Pogo akimpenda huyu, je, yule wa kule mlimani?"

Akasimama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga anayempenda.

"Yule wa kule atamsahau? Hebu niambie, Chechek. Nimekaa na wewe miaka mingapi? Nimekusuka nywele, nimekuuguza, nimekuita mwanangu. Nimemsahau Jirgal?"

"Hapana, mama."

"Basi ngamia ana moyo mdogo kuliko wangu? Mshike ndama."

Hapo ndipo nilipotenda nilichotenda. Nilikulia kwenye ngamia, nilijua. Yeye kwa huzuni yake alikuwa amempa Pogo moyo wa binadamu, na kwa miaka tisa hakuna aliyemwambia kuwa moyo huo si wa ngamia. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kumshika mkono. Lakini nikawaza: Pogo akisahau, mama haendi popote. Nilisema mara moja, na mara ya pili nikanyamaza. Nikamshika ndama.

Oljei akaanza. Hoosi, hoosi. Aliimba mpaka koo likakwaruza. Pogo alitikisa kichwa, akarudi nyuma, akasimama, kisha machozi yakaanza kumtoka, makubwa, yakishuka kwenye manyoya ya mashavu. Oljei naye analia, nami nalia, kila mtu na lake. Ndama akapata titi. Pogo akainama akamnusa mkia, akatoa mlio mdogo ambao sikuwa nimeusikia kwake miaka yote tisa.

"Umeona?" akasema Oljei, akifuta pua kwa kiganja. "Tumbo lina nafasi."

Walinzi walipofika, Oljei alikuwa amevaa joho lake la harusi, limemlegea mabegani. Alinipa sindano zake, kisu na mkufu wa mama yake. Kile kifuko cha udongo hakunipa.

"Hiki nakirudisha kwa mwenyewe," akasema.

Ndama alifungwa zizini. Pogo aliondoka akigeukageuka, Oljei akimwita, naye akimfuata kwa sababu ni Oljei. Nilisimama mpaka sikuwaona tena. Halafu nikaingia hemani nikakaa upande wake wa kitanda.

Siku ya tatu, jua halijafika utosini, nikasikia ndama analia kwa nguvu, na kwa mbali anajibiwa. Pogo alikuwa anakuja mbio. Ngamia mzee, goti bovu, kamba inaburuzika, maziwa yanamdondoka njia nzima. Akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo, akasimama juu ya mtoto wake.

Kesho yake, jua likielekea kuzama, nikamwona Oljei. Alikuja kwa miguu, na Shirgei nyuma yake kwenye farasi, amempa nafasi kubwa katikati.

Ilikuwa hivi. Walipita rundo la mawe. Oljei alipita! Alikanyaga ng'ambo, akatembea nusu siku ndani ya msitu, akauona udongo mwekundu kwa macho yake. Wakamfungulia Pogo kamba, kama kila mwaka. Pogo akasimama. Akala majani kidogo. Akageuza kichwa akanusa upepo unaotoka huku kwetu, kisha akageuka mwili mzima. Walimpiga, akakaa. Oljei alimsihi, alimwimbia, alipiga magoti mbele yake. Walipomwacha, akainuka akakimbilia nyumbani. Wakatafuta wenyewe mpaka kesho yake, lakini miti ilikuwa imeota kila mahali na yote ilikuwa na kimo kimoja.

"Tumechinjia sadaka kwenye mteremko mmoja," Shirgei akaniambia, akinong'ona ingawa hapakuwa na mtu. "Pazuri, pana maji karibu. Nani atajua? Ninyi msiseme, nasi hatusemi. Mama hakuona kitu, kwa hiyo sheria haimhusu."

Kisha akamgeukia Oljei, na nadhani alitaka kweli kumsaidia. "Mama, tukimchinja huyu mweupe, si atakumbuka?"

Oljei alikuwa amekaa mlangoni mwa zizi, joho limejaa vumbi.

"Utamchinjia wapi?" akauliza. "Ngamia hulia pale alipopoteza. Ukimchinja hapa, atalia hapa. Nenda nyumbani kwako, Shirgei."

Akaenda. Nikamletea maziwa ya moto. Mbingu inisamehe, nilikuwa na furaha. Nilijitahidi kuificha, nikainamisha uso, lakini alinishika kidevu akakiinua.

"Unacheka," akasema.

"Sicheki, mama."

"Unacheka ndani. Ulijua."

Akakiachia kidevu changu, akayanywa maziwa yote, akarudisha bakuli.

Aliishi miaka kumi na moja mingine. Hakunifukuza, hakunipiga, hakunitukana. Aliniita Chechek, neno mwanangu hakulitumia tena. Na hakuimba tena. Watu walikuja na jibini, na mafuta ya mkia wa kondoo, wakamsihi aje aimbie majike wao. Akawaambia koo limekufa. Ndama wao walikufa, wakaacha kuja. Pogo alizaa tena mara mbili, akanenepa, akawa ngamia kama ngamia wengine. Oljei alimkamua kila siku bila kumtazama usoni.

Alifariki baridi ikiisha. Nilimbeba kwa gari mpaka nyikani, kama desturi yetu ya kumlaza maiti juu ya nyasi bila kaburi, mimi na jirani mmoja, na jirani nikamwomba arudi. Nikakumbuka wasia wake. Nikageuka pande zote nne. Mlima ni mkubwa, umechukua nusu ya upeo wa macho. Nikafungua kifuko cha shingoni kwake nikitaka kumshikisha udongo wa mwanawe mkononi. Miaka yote ile ulisagika na jasho na vumbi, ukawa wa kijivu kama wa huku.

Ule mteremko wa Shirgei naujua. Mpaka leo wakubwa huenda pale kila mwaka, huchinja farasi, huinama mpaka chini, wanalia kweli. Ningeweza kumwelekeza huko, na watu wote wangesema nimetimiza wasia. Nilikuwa nimeshamdanganya mara moja kwa kunyamaza.

Nikamlaza chali, uso juu, asielekee popote.